Miwani ya VR ya gemu: hesabu mabwana zake kabla ya kutoa pesa

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeanza kuuliza kama nimehama. Sijahama, niko hapa hapa Shika Adabu. Ni kazi za watu tu zilizonibana. Mtu anayekula kwa kuandika programu akivuka feri saa mbili usiku hana tena hamu ya kukaa mbele ya skrini nyingine. Lakini kuna swali nimeulizwa mara nne ndani ya wiki mbili, na nimechoka kulijibu vipande vipande kwenye WhatsApp. Leo nalijibu mara moja, nipumzike.

Swali lenyewe: nikitaka miwani ya VR ya kuchezea gemu, ninunue ipi?

Aliyeanza ni mpwa wangu. Ana kibanda cha PlayStation, runinga mbili, mabenchi, feni moja, na vijana wanaocheza mpira mpaka mama zao waje kuwaita. Amejibana mwaka mzima na ameweka shilingi 45,000. Jumamosi moja akanipigia simu akiwa mjini, ng'ambo ya feri. "Mjomba, nimeipata. Iko ndani ya boksi lake, na waya zake, na rimoti zake mbili. Jamaa ataka elfu kumi na nane tu. Nitoe?" Nikamwambia asitoe hata senti, kwanza anipigie picha ya boksi, pande zote.

Picha zilipofika nikashusha pumzi. Kwenye ubavu wa boksi palikuwa na maneno matatu: Windows Mixed Reality.

Kwa wasiokijua kisa hiki, nakieleza kwa sababu ndicho kiini cha maoni yangu. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa mfumo wa VR ndani ya Windows 10, na kampuni kama HP, Dell, Acer, Lenovo na Samsung zikatengeneza miwani ya kutumia mfumo huo. Wala haikuwa miwani mibaya. HP Reverb G2 ya mwaka 2020 ilikuwa na pikseli 2160 kwa 2160 kwa kila jicho, picha kali kuliko nyingi za wakati wake. Kisha Desemba 2023 Microsoft ikatangaza kwamba mfumo huo unaachwa. Oktoba 2024 likatoka toleo la 24H2 la Windows 11 bila mfumo huo ndani yake. Hapo hakuna kioo kilichopasuka, hakuna waya uliokatika. Mtu alisasisha kompyuta yake usiku, asubuhi miwani aliyoinunua kwa mamia ya dola ikawa haijui kazi yake. Ni kweli kwamba mwaka 2025 mhandisi mmoja aliandika dereva ya kuifufua kupitia SteamVR, kwa kompyuta zenye kadi za Nvidia. Nampa heko. Lakini kifaa kinachoishi kwa hisani ya mtu mmoja na muda wake wa mapumziko si cha kuwekea akiba ya mwaka.

Na hata kama mfumo ungekuwa hai, mpwa wangu hana kompyuta ya kuibebea. Alichonacho ni ile ya ofisini, ex-UK, aliyoinunua ili aweke nyimbo. Gemu kama Half-Life: Alyx, ambayo kwangu mimi bado ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa kwa VR, inataka angalau kadi ya GTX 1060 yenye GB 6 na RAM ya GB 12. Kompyuta za ex-UK nyingi hazina kadi ya picha kabisa, na ukitaka kuichomeka unakuta pawa saplai yake haina nguvu ya kuilisha. Kwa hiyo ile "elfu kumi na nane tu" ilikuwa ni mlango wa kuingilia kwenye gharama nyingine, na ndani ya nyumba hamna mtu.

Basi nimejitungia kanuni yangu. Watu wakichagua miwani huanza na namba: pikseli ngapi, uga wa kuona digrii ngapi, gramu ngapi. Mimi naanza kwa kuhesabu mabwana. Ili kifaa hiki kiwake kesho asubuhi, ni nani na nani lazima wakubali? Kompyuta? Konsoli? Kampuni ya akaunti? Seva iliyo bara jingine? Stima? Bando? Kila bwana mmoja ni njia moja ya kifaa kufa huku kikiwa kizima. Sisi tunaoandika programu tunaiita tegemezi, na tunajua zinavyouma. Mnunuzi wa Likoni anapaswa kuziogopa zaidi kuliko mnunuzi wa California, kwa sababu yule kikimfia anarudisha dukani. Wewe utarudisha wapi? Kenya haimo katika nchi ambazo Meta inauza miwani yake rasmi. Dhamana yako ni uso wa aliyekuuzia.

Mfano upo. Oculus Go ilitoka Mei 2018 kwa dola 199, ikasifiwa sana. Kufikia Desemba 2020 duka lake likafungwa kwa programu mpya. Mwaka 2021 kampuni ikatoa toleo la kufungua mfumo wake ili wenye vifaa wavifanyie watakalo, na hilo lilitokea kwa sababu John Carmack alilipigania. Si kawaida, msizoee. Quest ya kwanza, ya Mei 2019, ikaishiwa na masasisho ya usalama Agosti 2024. Echo VR, mchezo wa kuruka bila uzito uliokuwa na wapenzi wake wa damu, seva zake zikazimwa tarehe 1 Agosti 2023, na mwaka uliofuata studio iliyoutengeneza, Ready at Dawn, ikafungwa. Mwenye miwani alikuwa bado na miwani. Uwanja ndio haupo.

Mimi mwenyewe nililipa ada ya somo hili mapema. Zamani za miwani ya plastiki ya kutumbukizia simu, nilinunua moja kwa pesa niliyopaswa kulipia kodi ya nyumba. Nikaangalia video ya papa anayekuja usoni, nikaionyesha nyumba nzima, mzee mmoja jirani akaiita barakoa ya mzamiaji. Wiki ya pili nikabadilisha simu, simu mpya haikuingia. Ikaishia kuwa mchezo wa watoto wa dada.

Haya, kwa wageni wa mambo haya, maneno machache kuhusu kinachotokea ndani. Wataalamu wa lugha wanaita uhalisia pepe, jina zuri, ila huku mtaani ukisema VR unaeleweka haraka zaidi. Kila jicho linapewa picha yake, zikitofautiana kidogo, nyuma ya lenzi inayokufanya uone kama iko mbali. Kamera na vipima-mwendo vinafuata kichwa chako na mikono yako, na picha inachorwa upya mara 72, 90 au 120 kwa sekunde. Kazi ngumu iko kwenye ucheleweshaji. Ukigeuza kichwa, picha mpya inatakiwa iwe imefika ndani ya milisekunde kama 20, la sivyo mwili unashtukia kwamba unadanganywa.

Na mwili ukishtukia, unalipiza. Nilijaribu kutengeneza kijigemu changu mwenyewe cha kuvuka kwa feri ya Likoni, umesimama juu ya sitaha, magari nyuma, kisiwa kinakujia. Nilijivunia mawimbi. Nikamvalisha binamu yangu, mtu aliyevuka feri maisha yake yote bila shida. Feri yangu ilipoanza kukata kona akashika ukuta, akavua, akakaa chini na kuomba maji ya ndimu. Juu ya feri ya kweli jicho lake na sikio lake la ndani vinakubaliana kwamba anasukwasukwa. Kwenye yangu jicho lilisema tunakwenda, sikio likasema tumesimama sebuleni. Ndiyo maana Beat Saber, iliyotoka Mei 2018, ni mwalimu mzuri wa kuanzia: unasimama pale pale, unakata maboksi kwa mdundo, mwili haudanganywi. Gemu za kukimbia na kuendesha magari ziache kwanza. Na ukisikia jasho baridi, vua. Usijikaze, hapa hakuna ushujaa.

Sasa twende kwenye kuchagua kwenyewe.

Apple Vision Pro ya dola 3,499 tuipite. Kwa kima cha shilingi 129 kwa dola ni zaidi ya 450,000, na wala haikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Kwa pesa hiyo kuna watu Likoni wananunua kiwanja.

PlayStation VR2 ya Sony ilitoka Februari 2023 kwa dola 549.99, na Machi 2025 ikashushwa hadi 399.99. Skrini zake ni za OLED, weusi wake ni weusi kweli, na Gran Turismo 7 ndani yake ni raha tupu. Mabwana: lazima uwe na PS5, na lazima uwe tayari kufungwa kwa waya. Tangu Agosti 2024 Sony inauza adapta ya kuiunganisha na kompyuta, lakini hapo tunarudi kwenye kompyuta yenye misuli. Kama una PS5 tayari chumbani, na unapenda magari, sitakuzuia. Kama una PS4, hii si yako. PS4 ilikuwa na PlayStation VR ya zamani ya mwaka 2016, yenye boksi lake la kati na waya kama tambi. Hiyo nayo inauzwa mitumba, na mimi nisingeigusa.

Valve nayo ilitangaza Steam Frame Novemba 2025, miwani inayoendeshwa na SteamOS, yaani Linux. Moyo wangu wa kifundi uko huko, nakiri. Lakini kwa mtu wa Shika Adabu anayeniuliza leo, na ambaye hana rundo la gemu za Steam alizokwisha kununua, si hapo ningemtuma.

Tunabaki na Quest. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499, Quest 3S Oktoba 2024 kwa dola 299. Ubongo ni ule ule, Snapdragon XR2 Gen 2, kwa hiyo gemu ni zile zile. Tofauti iko machoni. Quest 3 ina lenzi bapa za kisasa na pikseli 2064 kwa 2208 kwa kila jicho. 3S imerithi lenzi na skrini za mtindo wa Quest 2, pikseli 1832 kwa 1920. Ukiziweka pamoja utaiona tofauti, hasa pembeni mwa picha na kwenye maandishi madogo. Ukiwa na 3S peke yake, baada ya dakika kumi umesahau. Dola 299 ni kama shilingi 38,600 kabla ya nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16, na kabla ya faida ya aliyekuletea. Usishangae ukiambiwa zaidi kwa mbali.

Kwa nini naipendelea? Kwa sababu ya hesabu yangu ile ile. Kompyuta haihitajiki. Konsoli haihitajiki. Ina betri yake ya saa mbili hivi, kwa hiyo stima ikikatika katikati ya mchezo, wewe huna habari mpaka usikie majirani wakilalamika. Gemu nyingi za mtu mmoja, ukishazishusha, zinacheza bila intaneti. Na siku ukipata kompyuta nzuri, unaweza kuiunganisha kwa waya au kwa Wi-Fi ukacheza hizo za Steam. Unaongeza bwana kwa hiari yako, si kwa lazima.

Bwana mmoja mkubwa anabaki: Meta. Bila akaunti yake kifaa hakiwaki. Quest 2 ilipotoka Oktoba 2020 ilidai akaunti ya Facebook kabisa, na watu walipiga kelele mpaka Agosti 2022 ikaletwa akaunti ya Meta iliyojitenga. Mwishoni mwa Desemba 2024 sasisho lenye kasoro liliua baadhi ya Quest wakati wa kuwashwa, na Meta ikaahidi kuwashughulikia wenyewe. Aliyekuwa Texas alitumiwa nyingine. Jiulize wewe ungefanyaje. Sisemi usinunue, mimi ninayo. Nasema ujue unaingia nyumba ya nani.

Kuna kitu kimoja kinachonipoza: ndani yake ni Android. Ukiwasha hali ya msanidi unaweza kutia APK zako mwenyewe kwa waya, kama simu. Feri yangu iliingia hivyo, bila kuomba ruhusa ya duka lolote. Ukiwa na kijana nyumbani anayetaka kujifunza kutengeneza gemu, Godot ni bure na ina hadi toleo linaloendeshwa ndani ya miwani yenyewe. Hiyo kwangu ni nusu ya bei.

Na Quest 2 ya mtumba je? Hili ndilo swali la wengi, maana ndizo zinazoletwa na ndugu zetu walio Dubai, Muscat na Doha. Jibu langu: kama ni rahisi kweli na unajua unanunua kifaa kinachozeeka. Batman: Arkham Shadow ya Oktoba 2024, kwa mfano, haikutengenezewa Quest 2. Beat Saber, Walkabout Mini Golf na Resident Evil 4 bado zinakwenda. Lakini usilipe kwa kuangalia boksi. Mwambie muuzaji atoe akaunti yake mbele yako, aifute kabisa, kisha uisajili upya hapo hapo kwa simu yako na hotspoti yako, na uvae. Tazama ukurasa mweupe, kisha mweusi. Tafuta doa ndogo la njano au zambarau lisilosogea.

Doa hilo ni jua. Nalisema hili kwa herufi nzito kichwani mwangu, kwa sababu huku pwani ndilo litakaloua miwani nyingi kuliko Microsoft na Meta. Lenzi za VR ni kioo cha kukuza. Ukiiacha miwani kwenye kochi huku jua la saa nane likipenya dirishani, lenzi zinakusanya miale na kuchoma skrini, na haichukui hata dakika moja. Hakuna fundi wa kuitengeneza. Ukivua, igeuze uso chini au ivalishe kitambaa. Usicheze nje. Usiibebe feri ikiwa wazi mkononi ili watu waione.

Baada ya jua ni jasho na chumvi. Hewa yetu ina unyevu, na lenzi zilizofungiwa kabatini huota ukungu kama zile za kamera za studio zamani. Weka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Sifongo ya usoni ibadilishe kwa ya silikoni inayofutika. Julai 2021 Facebook yenyewe ilirudisha sifongo za Quest 2, yapata milioni 4, kwa sababu ya watu kuwashwa ngozi, na ikagawa vifuniko vya silikoni bure. Hao wengi walikuwa nchi za baridi. Fikiria Machi ya Mombasa.

Chumba. Meta inashauri nafasi wazi ya mita 2 kwa 2. Vyumba vyetu vingi vya kupanga ni futi kumi kwa kumi, na humo mna kitanda, kabati na jiko la gesi. Pima kwa utepe kabla ya kununua, usipime kwa macho. Na tazama juu. Pangaboi la dari halijui kama wewe unakata maboksi ya Beat Saber. Kama dari ni fupi, lizime ucheze na feni ya chini, ambayo ina faida nyingine: upepo ukija upande mmoja daima unajua umeelekea wapi. Taa iwepo, kwa kuwa kamera zinataka kuona. 3S ina taa zake za infraredi zinazosaidia gizani, Quest 2 haina. Ukuta mweupe mtupu nao unazisumbua, tundika kalenda.

Uso wako nao ni kipimo. Simama mbele ya kioo, pima kwa rula umbali kati ya mboni zako. Quest 2 na 3S zina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Ukiwa karibu na mojawapo, sawa. Ukiwa 72, picha itakuwa na ukungu na kichwa kitauma, na hapo Quest 3, yenye gurudumu la kurekebisha, inastahili pesa yake. Akina dada wanaovaa hijabu, jaribuni kwanza mkanda ule wa kitambaa. Kwa wengi unakaa vizuri kuliko ile mikanda migumu ya ziada. Wenye miwani ya macho, angalieni upana wa fremu zenu.

Pesa baada ya pesa: gemu. Duka linataka kadi. M-PESA GlobalPay, ile kadi ya Visa ya ndani ya simu iliyoanza Juni 2022, ndiyo njia ya wengi wetu, ila jaribu malipo madogo kabla hujamlipa aliyekuletea miwani. Gemu kubwa zinakula bando. Asgard's Wrath 2 ni yapata GB 30. Kwa bando za siku unaweza kulipia kushusha kuliko unavyolipia gemu. Tafuta Wi-Fi ya mtu mnayepatana.

Narudi kwa mpwa wangu, maana yeye hakutaka ya kuchezea nyumbani. Alitaka ya biashara. Tulikaa kibandani tukapiga hesabu nyuma ya kalenda. Runinga moja inakaliwa na vijana wawili wanaolipa, na sita wanaotazama wakingoja zamu na kununua soda. Miwani inakaliwa na mmoja, na wanaotazama hawaoni kitu ila mtu anayepiga hewa. Kila mteja mpya lazima umfunge mkanda, umfundishe vibonye, umshike asiangukie benchi, kisha ufute jasho. Tukakadiria wateja watatu na nusu kwa saa. Kwa shilingi 50 kila mmoja, betri ya saa mbili inaleta 350, kisha unachaji. Ukigawanya 45,000 kwa 350 unapata chaji 129, na hapo hujalipia stima wala gemu, na umedhani mtaa mzima hautachoka kwa miezi minne. IMAX, yenye pesa zake zote, ilifungua kumbi za VR na kufikia mwanzoni mwa 2019 ilikuwa imezifunga.

Kisha kuna mawili ambayo hakuyafikiria. Masharti ya duka na ya gemu nyingi yameandikwa kwa mtu binafsi, si kwa kukodisha kwa saa. Akaunti ikifungwa, biashara imefungwa. Na wateja wake wengi ni watoto. Umri wa chini wa Meta ni miaka 10, tena chini ya akaunti ya mzazi. Mama anayekuja kumwita mwanawe saa moja jioni amkute amefunikwa macho, anatapika? Hapo hata mimi mjomba sitamtetea.

Alinuna kidogo. "Sasa mjomba, wewe unayo, mimi ndiye unanikataza." Nikamwambia yangu ni starehe, na starehe nililipia kwa pesa ya starehe. Yake ni akiba ya mwaka.

Amenunua kontrola mbili za mtumba na feni ya pili. Zilizobaki ameziacha kwenye chama. Jumamosi atakuja kwangu kuijaribu, baada ya magharibi jua likishazama, na nimeshahamisha meza.

Jana yule muuzaji alimpigia tena. Imeshuka hadi elfu kumi na mbili.